Ultrasaundi ya ujauzito (Kasulu na Kibondo)

Ultrasaundi ya ujauzito ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha picha ya mtoto aliye tumboni, kondo la nyuma, majimaji yanayomzunguka mtoto na mfuko wa uzazi wa mama. Hutumika kukadiria umri wa mimba, kujua idadi ya watoto, kuona kondo limejishikiza wapi na kukagua maumbile na ukuaji wa mtoto. Nchini Tanzania wengi hukiita kwa kifupi "utrasaundi" au husema tu "kupiga picha". Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mjamzito apate kipimo hiki angalau mara moja kabla mimba haijatimiza wiki 24.

Makala hii inaeleza wakati unaofaa kufanya kipimo na namna ya kujiandaa, kwa kutazama hasa wilaya za Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Huko mashine iko mjini na mama yuko kijijini, na mara nyingi nauli ni ya safari moja tu. Basi swali la "niende lini?" lina uzito kuliko kwa mtu anayeishi jirani na hospitali.

Jinsi kinavyofanya kazi

Sikio la binadamu husikia sauti zenye mitetemo kati ya 20 na 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine ya kupimia tumbo hutoa mitetemo ya kiasi cha milioni 2 hadi 5 kwa sekunde, ambayo hakuna anayeweza kuisikia. Kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya tumbo hutuma mawimbi hayo ndani, kisha hupokea mwangwi wake. Katika nyama laini za mwili sauti husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde. Mashine ikishajua mwangwi umechukua muda gani kurudi, hupata umbali kwa hesabu ileile ya mwangwi wa mlimani inayofundishwa sekondari: kasi mara muda, gawanya kwa mbili.

Mfupa hurudisha mwangwi mkali, hivyo huonekana mweupe kwenye kioo. Majimaji hayarudishi mwangwi, nayo huonekana meusi. Hewa huyazuia mawimbi kabisa, na ndiyo sababu mpimaji hupaka tumboni ute wa baridi ili kusibaki nafasi ya hewa kati ya ngozi na kifaa.

Mwanzilishi wa matumizi haya kwa wajawazito ni daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti. Yeye na wenzake, mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, walitumia wazo la mashine za viwandani za kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet mwaka 1958.

Kipimo hiki hakitumii mionzi ya eksirei, na katika miaka yote ya matumizi hakijaonekana kumdhuru mtoto kinapofanywa na mtu aliyefunzwa kwa sababu ya kitabibu. Hata hivyo wataalamu hushauri kisirudiwe bila sababu, na kisirefushwe kwa ajili ya kufurahisha macho.

Tatizo la tarehe

Umri wa mimba huhesabiwa kwa wiki tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku mimba ilipotungwa. Kwa kawaida mimba hutungwa wiki mbili hivi baadaye, na hapo ndipo waume wengi huchanganyikiwa wanapohesabu vidoleni. Mimba kamili ni siku 280, yaani wiki 40. Njia ya haraka ya kupata tarehe ya matarajio ni kuongeza siku 7 kwenye tarehe ya hedhi, kisha kurudi nyuma miezi mitatu. Hedhi ikianza tarehe 10 Novemba, mtoto hutarajiwa karibu na tarehe 17 Agosti.

Hesabu hii ni nzuri kwa mwanamke anayeandika tarehe zake na mwenye mzunguko wa siku 28. Wengi hawako hivyo. Mwingine hukumbuka kwa majira ya shamba, kwamba aliona siku zake "tulipokuwa tunapanda maharage", na kupanda huko huchukua wiki kadhaa. Mwingine alishika mimba akiwa bado ananyonyesha, kabla hedhi haijarudi. Mwingine alikuwa ametumia sindano ya uzazi wa mpango, na hedhi yake ilikuwa imepotea kwa miezi mingi. Hawa wote hufika kliniki bila tarehe ya kuaminika, na muuguzi hubaki kupima kimo cha mfuko wa uzazi kwa utepe. Kati ya wiki ya 20 na ya 36 hivi, sentimita hizo hukaribiana na idadi ya wiki za mimba, lakini mapacha, majimaji mengi au mtoto mdogo huvuruga makadirio hayo.

Ultrasaundi hutatua tatizo hili, lakini kwa sharti la kuwahi. Katika miezi mitatu ya kwanza watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja, wa mama mrefu na wa mama mfupi, wa Kasulu na wa Ulaya. Mpimaji hupima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, na hadi mwisho wa wiki ya 13 kosa la makadirio huwa siku 5 hadi 7 tu. Kati ya wiki ya 14 na ya 21 hupima upana na mzunguko wa kichwa, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, na kosa huwa siku 7 hadi 10. Kati ya wiki ya 22 na ya 27 kosa hufikia wiki mbili. Kuanzia wiki ya 28 kosa ni wiki tatu kwa kila upande, kwa sababu sasa kila mtoto anakua kwa mwendo wake.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama wa Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, anayepimwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba kubwa. Kwa hesabu yake ana wiki 34, lakini mashine inasema ukubwa wa mtoto ni wa wiki 31. Je, mama amekosea tarehe na mtoto ni mzima kabisa? Au tarehe ni sahihi na mtoto amedumaa tumboni? Picha hiyo moja haiwezi kujibu. Jibu la kwanza lingemruhusu arudi nyumbani kusubiri. Jibu la pili lingetaka afuatiliwe kwa karibu na ajifungulie hospitali. Laiti angepimwa wiki ya 12 au hata ya 20, swali lenyewe lisingekuwapo.

Katika Kigoma suala hili lina uhusiano wa moja kwa moja na malaria. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini kwa maambukizi kwa watoto walio chini ya miaka 5, takriban 24%. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kupunguza chakula kinachomfikia mtoto, hata kama mama hana homa. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Kumtambua mtoto wa namna hiyo kabla hajazaliwa kunahitaji kujua umri wake halisi, la sivyo huonekana tu kuwa "mimba bado changa". Tarehe sahihi husaidia pia katika kinga: vidonge vya SP vya kuzuia malaria huanza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kisha kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja hadi kujifungua.

Utafiti muhimu wa jambo hili ulifanyika Tanzania yenyewe. Wilayani Korogwe, Mkoa wa Tanga, wanawake walipimwa kwa ultrasaundi mara kadhaa katika ujauzito mmoja, na mwaka 2012 likachapishwa jedwali la uzito wa mtoto tumboni lililotokana na wajawazito wa Afrika Mashariki badala ya wale wa Ulaya.

Wakati unaofaa

Kwa mwenye uwezo wa kupimwa mara mbili, kipimo cha kwanza kinafaa kati ya wiki ya 10 na ya 13, na cha pili kati ya wiki ya 18 na ya 22.

Kipimo cha kwanza huthibitisha kuwa mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi, kwamba moyo unapiga na kwamba tarehe ni sahihi. Kama kuna mapacha, huu ndio wakati bora wa kuona iwapo wanatumia kondo moja au kila mmoja ana lake. Baada ya wiki ya 14 tofauti hiyo huwa ngumu kuonekana, na mapacha wenye kondo moja wana hatari zaidi. Mimba zabibu nayo hugunduliwa hapa. Kwenda mapema mno, wiki ya 4 au ya 5, huleta hofu ya bure: mapigo ya moyo huwa hayajaonekana, na mama huambiwa arudi.

Kipimo cha pili ni cha maumbile. Mtoto ameshakuwa mkubwa vya kutosha ili kichwa, uti wa mgongo, vyumba vya moyo, tumbo, figo na viungo vyake vionekane, na bado ana majimaji mengi ya kumzunguka. Mahali pa kondo huandikwa pia. Kondo likiwa chini karibu na mlango wa kizazi katika wiki ya 20, si lazima kuogopa, kwa kuwa mara nyingi husogea juu mfuko unapotanuka. Lakini ni lazima kurudi karibu na wiki ya 32 kuhakikisha. Kondo lililoziba njia hadi mwisho husababisha damu nyingi kutoka, na mama huyo hapaswi kujifungulia nyumbani wala zahanati.

Na mwenye nauli ya safari moja? Hapa wataalamu hutofautiana kidogo. Kwa maoni ya mwandishi, kwa hali ya vijiji vya Kasulu na Kibondo, wiki ya 18 hadi ya 20 ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Umri wa mimba bado hupatikana kwa kosa la siku 10, mapacha hawawezi kufichika, kondo huonekana na maumbile hukaguliwa, yote kwa siku moja. Wiki ya 20 ni takriban miezi mitano kwa hesabu ya hedhi, na akina mama wengi huwa wameanza au wanakaribia kuhisi mtoto akicheza.

Kikwazo ni kwamba wengi huanza kliniki wakiwa wamechelewa. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015–16 uliona kuwa 24% tu ya wajawazito nchini walianza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na 51% ndio waliohudhuria mara nne au zaidi. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 waliohudhuria mara nne walikuwa wameongezeka hadi 65%. Sababu za kuchelewa ni nyingi: umbali, kazi za shamba, na desturi ya kuificha mimba changa isisemwe na majirani. Desturi hiyo haipaswi kudharauliwa. Mwanamke aliyewahi kupoteza mimba ana sababu ya kunyamaza, ila kadi ya kliniki haihitaji kuonyeshwa kijiji kizima.

Hali ya Kasulu na Kibondo

Nyanda hizi ni makazi ya Waha. Mvua hunyesha kuanzia karibu Novemba hadi Mei, na katika miezi hiyo njia za vijijini huwa za utelezi hata kwa bodaboda. Mama huanzia zahanati ya kijiji, ambako kwa kawaida hakuna mashine ya ultrasaundi, kisha kituo cha afya, na baadaye hospitali. Kasulu ina hospitali mjini, na Kabanga kuna hospitali ya Kanisa Katoliki ya miaka mingi. Kibondo ina hospitali ya wilaya. Rufaa huenda Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, takriban kilomita 100 kutoka Kasulu na zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibondo. Kwa matatizo makubwa zaidi kuna Bugando, Mwanza.

Wilaya hizi pia zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana kiasi cha kuelewana, hivyo muuguzi Muha na mama wa Nduta mara nyingi hawahitaji mkalimani. Lililo muhimu kwa mama anayehama kambi au kurudi kwao ni kuondoka na karatasi ya kipimo cha kwanza, maana tarehe iliyoandikwa pale haiwezi kupatikana tena baadaye.

Maandalizi

Kipimo hakihitaji kufunga kula. Mama ale kama kawaida, hasa akiwa ametoka mbali. Linalochanganya wengi ni maji na mkojo. Katika miezi mitatu ya kwanza kibofu kinatakiwa kiwe kimejaa, kwa sababu husukuma utumbo kando na kuinua mfuko wa uzazi ili uonekane. Glasi tatu au nne za maji, saa moja kabla, zinatosha. Kuanzia miezi minne na kuendelea kwa kawaida haihitajiki, na kibofu kilichojaa kupita kiasi kinaweza hata kulifanya kondo lionekane liko chini kuliko lilivyo. Kipimo cha kupitia ukeni, ambacho hufanywa wakati mwingine mimba ikiwa changa sana, hutaka kibofu kitupu.

Ushauri wa vitabu wa kunywa maji nyumbani umeandikwa kwa watu wa mjini. Anayetoka Heru Juu au Mabamba kwa bodaboda asithubutu. Afike kwanza, ajiandikishe, aulize foleni ikoje, kisha anywe maji akiwa amekaa hapohapo. Kuna akina mama waliokunywa saa kumi na mbili asubuhi na kuitwa saa tano.

Vitu vya kubeba ni kadi ya kliniki ya wajawazito (RCH4), majibu ya vipimo vilivyotangulia, karatasi ya rufaa kama ipo, na kadi ya bima au ya CHF iliyoboreshwa kwa mwenye nayo. Tarehe ya hedhi ya mwisho iandikwe kabla ya safari. Asiyeikumbuka ajaribu kuifunga na jambo linalojulikana: sikukuu, siku shule ilipofunguliwa, msiba, mnada. Akiwa hajui kabisa aseme hajui, kuliko kubuni tarehe itakayoandikwa kwenye kadi na kuaminiwa na kila anayeisoma.

Nguo ziwe za vipande viwili, blauzi na sketi au kitenge cha kufunga, ili tumbo tu lifunuliwe. Khanga ya ziada hufaa kujifunika na kufutia ute. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za wajawazito katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, lakini ni busara kuuliza mapema kama ultrasaundi katika kituo husika ina gharama, na kama mashine inafanya kazi siku hiyo. Simu moja kwa muuguzi wa zahanati inaweza kuokoa nauli ya kwenda na kurudi. Mume au ndugu akiwapo ni vizuri, kwa kuwa majibu mazito husikika vizuri zaidi na masikio manne.

Ndani ya chumba

Mama hulala chali au ubavu kidogo. Mimba ikiwa kubwa, kulala chali muda mrefu huleta kizunguzungu, na mama akisikia hivyo aseme mara moja. Kipimo huchukua kama dakika 10 hadi 30, na hakiumi. Mpimaji anaweza kunyamaza kwa muda mrefu; mara nyingi anapima tu, si kwamba ameona baya.

Swali linaloulizwa zaidi ni kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Kuanzia wiki ya 18 hadi ya 20 jinsia huweza kuonekana, ikiwa mtoto hajabana miguu, na makosa hutokea. Maswali yenye manufaa zaidi ni haya: mtoto ni mmoja? Kondo liko wapi? Tarehe ya matarajio ni ipi? Nirudi tena?

Karatasi ya majibu huwa na herufi za kifupi. GA ni umri wa mimba kwa wiki na siku. EDD ni tarehe ya matarajio. CRL ni urefu wa utosi hadi matako, BPD upana wa kichwa, FL urefu wa mfupa wa paja. FHR ni mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika baada ya miezi ya mwanzo. Mkao wa mtoto, kama kutanguliza kichwa au matako, hauna maana kubwa kabla ya wiki ya 36, kwani bado hugeuka.

Kosa moja hujirudia na linafaa kuangaliwa: mama anayepimwa mara tatu hupewa tarehe tatu tofauti za matarajio, na anayempokea leba huitumia ya mwisho. Tarehe ya kufuatwa ni ya kipimo cha kwanza. Izungushiwe duara kwenye kadi, na vipimo vya baadaye vitumike kuangalia ukuaji tu.

Mipaka ya kipimo

Picha nzuri haihakikishi mtoto asiye na kasoro. Baadhi ya matatizo ya moyo hayaonekani, na magonjwa ya damu hayaonekani kabisa. Wala kipimo hakichukui nafasi ya kupima shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI, ambavyo zahanati ya kijiji huweza kuvifanya bila mashine kubwa.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Zambia, Kongo, Pakistani na Guatemala. Vituo vya vijijini vilipewa mashine na wauguzi wakafunzwa kuzitumia, lakini vifo vya akina mama na watoto havikupungua kuliko mahali ambapo mashine hazikupelekwa. Kuona tatizo si kulitibu: baada ya picha panahitajika gari la wagonjwa, damu salama na chumba cha upasuaji. Katika Mkoa wa Kigoma mradi ulioanza mwaka 2006 kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies ulisaidia kuweka upasuaji wa dharura katika vituo vya afya, ili mama asisafirishwe umbali wote hadi hospitali.

Dalili za hatari hazisubiri tarehe ya ultrasaundi. Mjamzito anayetokwa na damu, mwenye maumivu makali ya tumbo la chini, anayeumwa kichwa sana na kuona ukungu, mwenye degedege au homa, aliyepasukiwa chupa kabla ya wakati, au ambaye mtoto wake ameacha kucheza, apelekwe kituo cha afya au hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.